Kichwa Kikikuuma Kule Juu

Kasungami, Jumamosi, saa nane ya mchana

Ngalula, mama,

Umetoka hapa sasa hivi kwenda mjini kutafuta buti za mpira, na kabla ya kufunga mlango umenigeukia ukasema, "Papa, mizigo yangu usiipange upya." Sitaigusa. Mambo ya soksi, dawa, pasipoti na chaji ya simu, mama yako amekuimbia wiki nzima, sina la kuongeza. Najua ukiingia madukani hutoki kabla ya saa kumi na moja. Basi nimeleta kiti changu huku nyuma, karibu na mahindi tuliyoyavuna, nikuandikie jambo moja ambalo nimelikwepa tangu kabla hujazaliwa.

Naandika kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa. Nikishika Kifaransa nageuka mwalimu wa jiografia, naanza kutafuta sentensi nzuri, na nyuma ya sentensi nzuri mtu anajificha vizuri sana. Nimejificha vya kutosha.

Jambo lenyewe ni hili: Ruwenzori sikufika kileleni. Theluji sikuigusa. Ile hadithi ya mkono wangu kufa ganzi, kwamba niliweka kipande cha barafu katika kikombe nikanywa nacho chai, ni ya kutunga. Haya, nimesema. Nimesikiliza kama kuna kitakachoanguka. Hakuna kilichoanguka. Kuku wanaparua tu.

Usicheke bado, na usikasirike bado. Kutofika si kosa, watu wengi hawafiki. Kosa langu linahusu mtu mmoja, na linakuhusu wewe, ndiyo maana siwezi kukuacha upande ndege kesho ukiwa na hadithi ile kichwani.

Wakati ule nchi ilikuwa bado inaitwa Zaïre. Mimi na mjomba wako Fidèle tulikuwa walimu wapya katika shule moja, mimi jiografia, yeye biolojia. Dada yake, yaani mama yako, nilikuwa nimeonana naye mara nne, na mara zote nne nilisema upuuzi. Shule ikapata nafasi mbili katika safari ya walimu kwenda Ruwenzori, tukapewa sisi. Ndege yetu ilichelewa, na tulipofika Mutwanga, chini ya mlima, tumekaa siku mbili juu ya magunia ya lori, wenzetu walikuwa wameshapanda na kushuka. Tukapanda sisi wawili, na mtu mmoja wa kutuongoza na kutusaidia mizigo. Jina lake Kambale.

Ndiyo. Kambale yule yule.

Neno hilo unalijua kuliko sala ya asubuhi. Kaka yako alipoacha kozi ya useremala tulisema amefanya Kambale. Jirani yetu alipotoka uwanjani mapumziko hayajafika, akisingizia goti, Kambale. Wewe mwenyewe, siku ya kwanza ya shule, ulipong'ang'ania sketi ya mama yako, nilikuinamia nikasema, "Mama, utafanya Kambale?" ukafuta machozi ukaingia darasani. Kila mtu anajua hadithi yake: tulikuwa tumekaribia barafu, mwoga yule akaogopa mlima akakimbia na chakula chetu, nasi tukafika juu kwa nguvu zetu wenyewe, tumbo tupu. Mimi ndiye niliyeileta hadithi hiyo nyumbani. Mimi peke yangu.

Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Sisi watu wa Lubumbashi mlima hatuujui. Tuna vichuguu, tuna kile kilima cheusi cha mabaki ya kiwanda ambacho vijana wanapiga picha wakiwa nacho nyuma, basi. Nchi yetu ni tambarare, ukisimama juu ya meza unaona mbali. Na tuna mwezi wa saba wetu, mkavu, wenye vumbi na baridi ya asubuhi, mvua haipo hata ukiililia. Kwa hiyo mimi, mwalimu wa jiografia, nilimwambia Fidèle tuache makoti ya mvua Lubumbashi, kwa sababu tunakwenda wakati wa kiangazi. Hebu fikiria! Nilikuwa nimewafundisha watoto mwaka mzima kwamba karibu na ikweta majira hayaendi kama ya kwetu, na bado nikafungasha mizigo kama mtu anayekwenda Likasi hapa karibu. Mvua ilitupokea saa ya kwanza. Haikuacha.

Lakini mlima ule, Ngalula! Kuhusu mlima sikukudanganya. Siku ya kwanza ni msitu, mnene, wenye joto, jani moja la kangaga linamfunika mtoto. Halafu mianzi, imesongamana, njia ni tope na giza mchana. Siku ya pili mianzi inakwisha na unaingia mahali ambapo sijui hata leo nipaiteje. Miti iliyopinda, kila tawi limevikwa kuvumwani, na ndevu za kijani kibichi zinaning'inia mpaka usoni mwako. Huoni jiwe, huoni udongo, vyote vimefunikwa. Ukikanyaga, mguu unazama hadi goti, na chini unasikia maji yanatembea. Kimya. Fidèle alinong'ona bila kujua kwa nini ananong'ona.

Siku ya tatu unapanda kule ambako mimea imesahau ukubwa wake. Kile kitu ambacho kwingine ni jani la kung'oa shambani, kule ni mti wa kumzidi mtu urefu mara mbili, na majani yake ya zamani yamekauka yakauzunguka shina kama blanketi. Lobelia zimesimama wima kati ya mabwawa. Jioni zinafunga majani kuficha kichipukizi, asubuhi zinafungua, kwa sababu huko kila usiku ni baridi kali na kila mchana ni joto, mwaka mzima, siku kwa siku. Wewe utazihesabu na kuzipima, utayajua hayo kuliko mimi. Mimi nilizitazama mdomo wazi na nilifurahi, furaha ya kweli, naikumbuka mpaka leo.

Kambale alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Watu wa mlima ule wanamweka mbele yule anayetembea polepole kuliko wote, na wengine wote wanafuata mwendo wake, hata kama ni wa kobe. Mimi niliona ni dharau. Mwalimu afuate nyuma? Siku ya pili nilipita mbele, nikakaza mwendo, nikawa nasimama juu ya mawe nawangoja huku nawapigia makofi. Fidèle hakutaka kuachwa. Alikuwa anavuta pumzi kama mtu anayesukuma gari, na alinifuata hivyo hivyo.

Siku ya tatu saa saba tulifika kwenye kibanda cha juu. Chini yake kuna ziwa dogo, jeusi. Fidèle alikaa chini akashika kichwa. Akatapika. Akatetemeka.

Sasa niambie, mtu wa Lubumbashi anaumwa kichwa, anatapika, anatetemeka. Ana nini? Hata mtoto wa darasa la pili atakujibu. Malaria. Nilikuwa na vidonge vya kwinini, mama yangu alinifungia katika kitambaa. Nikampa. Nikamfunika. Nikasema, "Lala, kesho utaamka mzima, tunakwenda kwenye barafu." Nilikuwa na uhakika kabisa, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Sikuwa na shaka hata kidogo.

Aliposimama kwenda kujisaidia alitembea kama mlevi. Akavaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, akakitazama, hakuona kosa. Akaniita kwa jina la kaka yake aliyekufa. Kambale alikuwa anawasha moto. Aliacha moto akaja akamtazama macho, akamwambia anyoshe kidole aguse pua yake. Fidèle akagusa shavu.

"Huyu anapashwa kushuka," Kambale akasema. "Sasa hivi."

"Ana malaria," nikasema. "Mgonjwa wa malaria hatembezwi kwenye mvua."

"Malaria haifiki huku, Mwalimu. Huu ni mulima."

Na mimi nikamjibu, Ngalula, neno kwa neno, maana nimeishi nalo: "Wewe kazi yako ni kubeba. Mambo ya ugonjwa tuachie sisi tuliosoma."

Alimwaga mchele wetu chini, wote, akachukua lile gunia na blanketi na kamba, akamfunga Fidèle mgongoni kama mama anavyombeba mtoto. Fidèle alikuwa mrefu, miguu yake karibu iburuzike. Nilipiga kelele. Nilisema nitamshitaki. Alipofika ukingoni aligeuka akasema, "Na wewe ukuje, Mwalimu. Usibakie peke yako hapa." Kisha akateremka na mvua.

Nilibaki. Kwa hasira, nikipanga kwenda kileleni peke yangu asubuhi. Saa kumi hivi mawingu yakafunguka, yakafunguka tu, kama mtu anavuta pazia, na barafu ikawa pale mbele, ng'ambo ya bonde, nyeupe juu ya mawe meusi. Hiyo ndiyo theluji niliyoiona. Kwa mbali, kwa muda wa kula ndizi moja. Halafu ikafungwa, na mimi nikagundua kwamba kichwa changu kinauma, na kwamba kwa muda mrefu kilikuwa kinauma. Nikaogopa. Niliogopa kama sijawahi kuogopa tangu nizaliwe. Nikaacha kila kitu nikateremka mbio, naanguka, nainuka, natambaa juu ya mizizi, naita "Kambale! Kambale!" kama mtoto aliyepotea sokoni.

Giza lilikuwa linaingia nilipofika kibanda cha chini. Fidèle alikuwa ameketi. Anakunywa uji. Akaniona akaniambia, "Luboya, umekawia, hata chumvi hauna?"

Hakuna malaria inayopona kwa kuteremka mlima nusu siku; ule ulikuwa ugonjwa wa mlima wenyewe, wa hewa nyembamba. Nilielewa pale pale, mlangoni, maji yananichuruzika. Fidèle alikuwa anakufa, mimi nilikuwa nimemfunika blanketi afe vizuri, na mtu niliyemtukana ndiye aliyemnyang'anya mikononi mwangu. Nilipaswa kupiga magoti. Nilisema, "Uji umebaki?"

Tuliporudi Lubumbashi, walimu na wazazi walikusanyika ukumbini. Mkuu wa shule akauliza mbele ya wote, mama yako amekaa mstari wa tatu na gauni la njano: "Basi, mumefika juu?" Nikafungua mdomo, na yule Kambale mwoga akatoka humo, ameshakamilika. Sikumpanga. Watu walicheka, mama yako alicheka, na nikaona namna alivyonitazama. Mwaka uliofuata tulioana. Fidèle alikuwa ameketi karibu yangu siku hiyo, akainamisha kichwa, hakusema kitu. Miaka yote nimejiambia kwamba hakumbuki, kwamba ugonjwa ulimfuta.

Sasa nakuja kwako.

Ulikuwa na miaka kumi na minne. Tumbo lilikuanza Alhamisi. Ijumaa ulifua, ulipika, ulicheka na mama yako. Jumamosi jioni ulianguka jikoni, tukakukimbiza hospitali, wakakupasua saa ile ile. Daktari alitoka akasema kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka, na akanitazama kama mtu anayejizuia asitukane. Ulipozinduka nilikuuliza kwa nini hukusema. Ulikuwa na midomo mikavu. Ukasema, "Sikutaka kufanya Kambale, papa."

Nilitoka nje nikalia kwenye ukuta wa maegesho. Na bado sikusema. Nilirudi ndani nikakusifu kwa ushujaa wako. Unaona baba yako alivyo? Nimekusahihisha ramani, kuandika, hata kukaa mezani, na hilo nimeliacha limekaa ndani yako miaka kumi na mbili kama risasi.

Ulipoleta habari ya kazi hii, kwamba utakaa miaka miwili upande wa Uganda wa mlima ule ule, unapima mimea na kuangalia barafu inarudi nyuma kiasi gani kila msimu, nyumba nzima ilipiga vigelegele. Mimi nilipiga makofi na usiku sikulala. Darasani niliiita barafu ile ya milele, na wewe ulinisahihisha mezani: "Si ya milele, papa, mimi nitaikuta mabaki." Nilikuwa nafikiria jambo lingine. Nilikuwa nakuona umekaa katika kibanda, kichwa kinakuuma, unatabasamu, unasema niko sawa, twendeni. Kwa sababu ya neno langu.

Fidèle alikuja Jumatano kutoka mtaani kwake Bel-Air, ulidhani amekuja kukuaga. Alinivuta mpaka huku kwenye mahindi.

"Mutoto anaenda," akasema. "Umuambie wewe, ao mi njo nitamuambia."

"Kumbe unakumbuka?"

"Nakumbuka mugongo ya yule muntu. Harufu ya moshi mu shati yake. Nitasahau namna gani?"

"Juu ya nini haukusema miaka yote hii?"

"Ulikuwa unatafuta kuoa dada yangu! Ningekuchafula mbele ya bantu? Kisha mukaoana, kisha watoto, kisha ikakuwa kuchelewa." Akacheka, unajua anavyocheka, mabega tu. Halafu hakucheka tena. "Lakini kila Bonane, kila mwaka mupya, namupigia. Alihama na bibi na watoto juu ya vita, iko ngambo ya pili sasa, ule upande mutoto anaenda. Bajukuu bake banabeba mizigo."

Akanipa karatasi yenye namba. Nimeitembeza mfukoni siku tatu. Nimekwenda nayo msalani, nimekwenda nayo dukani. Mimi niliyesimama mbele ya wanafunzi maisha yangu yote, nimeshindwa kubonyeza simu.

Nataka uelewe kitu kimoja tu. Kule mwili utakuambia, mapema, kwa sauti ndogo: kichwa, kichefuchefu, usingizi unakataa. Watu wa kule wanajua. Wakikuambia shuka, usiwaulize wamesoma wapi. Na asipokuambia mtu, sema wewe. Sema siku ile ile. Hakuna mmea wala barafu kule juu ninayoitaka zaidi ya kukusikia ukisema naumwa. Na nusu ya wanaume wa nchi ile wanaitwa Kambale, ni jina lao la mtoto wa pili wa kiume, kwa hiyo utani wetu uishie hapa nyumbani, nakuomba. Kaka yako nitamwambia mwenyewe. Mama yako nimemwambia leo asubuhi, akipepeta unga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi nilicheka juu ya shati yako ilikuwa imefungwa vifungo vibaya," akaendelea kupepeta. Miaka yote hii, Ngalula. Vifungo.

Ngoja.

Nimeacha kalamu kidogo. Nimempigia.

Simu iliita sana, nikawa naomba asishike, naomba ashike. Akashika mzee, sauti kavu, mbuzi wanalia nyuma. Nikasema mimi ni Luboya, Mwalimu, wa Lubumbashi, wa zamani, mwenzake Fidèle. Akasema, "Ehe." Nikamwambia kwamba mtoto wangu anakuja kufanya kazi mlimani. Akasema Fidèle amemwambia, watakupokea. Ningeweza kuishia hapo, na nilitamani kuishia hapo. Nikasema, "Papa Kambale, mimi kwetu nilisema wewe ulikimbia. Nimesema hivyo miaka yote. Watoto wangu wamekua wakilicheka jina lako."

Nilisikia mbuzi tu. Nikadhani amekata.

Kisha akauliza, "Yule mwenye nilibeba, Fidèle, iko na watoto wangapi sasa?"

"Wanne," nikasema. "Na wajukuu wawili."

"Basi tulikimbia muzuri," akasema.

Nimekaa na simu sikioni hata baada ya yeye kuikata. Nimelia, mama, sikufichi, na baada ya kulia nimesikia njaa, njaa kubwa ya mtu aliyetoka kulima. Najisikia mwepesi. Sijui lini mara ya mwisho nilivuta pumzi mpaka chini namna hii.

Nakusikia getini, unabishana na mtu wa pikipiki. Sitaificha barua hii katika sanduku uikute huko. Nitakupa sasa hivi mkononi, uisome ukiwa hapa mbele yangu, na uniulize chochote unachotaka.

Nenda, Ngalula. Na siku ikikulazimu, kimbia.

Baba yako,
Luboya